Shamba la Mazoea

Kabla ya bango kusimikwa, alikuwa na jina lake kama watu wengine, na heshima yake kama kaka mkubwa. Baada ya bango, hata mkewe aliteleza ulimi mara mojamoja akamwita Mazoea, kisha akajifanya anakohoa. Bango lenyewe lilikuwa la bati jeupe, limesimama kando ya barabara juu ya nguzo mbili za chuma, na maandishi yake ya kijani yalisomeka hata na mtu aliyepita kwa baiskeli akiwa na haraka zake: SHAMBA LA MAZOEA. Ng'ambo ya ua wa michongoma lilisimama bango la pili, lenye picha ya jua linalochomoza: SHAMBA LA UBUNIFU. Hilo lilikuwa la mdogo wake.

Ilivyotokea ni hivi. Ulikuja mradi. Fedha zake zilikuwa za kuwapa wakulima nguvu ya kujaribu mbinu mpya zisizochosha ardhi, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuukataa mradi wa namna hiyo. Aliyeuleta alikuwa afisa mmoja mwembamba, mwenye viatu vyeusi vya kung'aa, ambaye watu walimwita Bwana Miradi kwa sababu huo haukuwa wa kwanza kuja nao. Alikwisha leta wa sungura, wa majiko na wa nyuki, na nyuki wenyewe waliondoka kabla ya mradi kwisha.

Alipoyaona mashamba ya wale ndugu wawili, nusura awakumbatie. Baba yao, kabla hajafa, alikuwa amewagawia ardhi sawa kwa sawa, mteremko mmoja, ua wa michongoma katikati, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amepunjwa.

"Udongo mmoja, mvua moja, baba mmoja!" alisema, huku akipiga picha za ua. "Wenzangu wanatafuta mahali kama hapa mwaka mzima."

Akawaeleza. Mmoja wao angelima kwa mbinu mpya: asichome mabua, asigeuze udongo wote, achimbe mashimo ya kukinga maji, na juu ya ardhi atandaze nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Nyasi hizo ziliitwa matandazo. Mwingine angelima kwa mazoea, ili tofauti ionekane.

"Na nani atachukua lipi?" aliuliza kaka mkubwa, ambaye tayari alikuwa amevaa uso wa mtu anayelijua jibu. Kaka ni kaka.

"Sayansi haina upendeleo," akasema Bwana Miradi. Akavua kofia, akatumbukiza karatasi mbili zilizokunjwa, akawanyooshea. Mkubwa alitangulia kuchukua, kama ilivyo haki yake, na kwa haki hiyohiyo akajichukulia karatasi mbaya.

Mdogo wake alipewa toroli jipya, buti, majembe, na vibarua wa kumkatia na kumbebea nyasi. Aliahidiwa pia kwamba awamu ya pili ikija atajengewa tangi la maji, na msingi wa saruji ukamwagwa uani kwake kabisa ili asiwe na shaka. Mkubwa alipewa fulana na bango. Alitia saini kwamba kwa misimu yote ya mradi hatabadilisha chochote.

"Sasa kazi yangu mimi ni nini hasa?" aliuliza.

"Wewe ndiye kipimo chetu, mzee. Bila wewe hakuna mradi."

Maneno hayo yalimvimbisha kichwa kwa siku kadhaa. Aliwaambia watu dukani kwamba mradi umesimama juu ya mabega yake, na watu wakamwamini, maana bango lilikuwa bado halijafika.

Matatizo yalianza siku ya kusafisha shamba. Bwana Miradi alikuja na kitabu cha mwongozo kwapani, akayakuta mabua ya msimu uliopita yamefungwa matita, yamesimamishwa kwenye zizi.

"Mbona hujachoma?"

"Mimi sichomi. Mabua anakula ng'ombe."

Bwana Miradi alipekua kitabu, akasoma, akapekua tena. "Hapa wameandika kwamba mkulima wa mazoea huchoma mabua."

"Labda yupo. Mimi siyo."

"Mzee, wewe ndiye." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mgonjwa habari za daktari. "Tulishakuandika."

Basi matita yakarudishwa shambani, yakatawanywa, na kwa kuwa kaka mkubwa hakuwa na kiberiti, Bwana Miradi akamwazima chake. Moshi ulipanda hadi barabarani. Ng'ombe alisimama kwenye uzio akaangalia chakula chake kikiungua, na kwa siku nzima hakukubali mtu amkamue.

"Yaani umesaini kulima vibaya?" mkewe alimuuliza wakati wa chakula.

"Si vibaya, mama watoto. Ni kwa mazoea."

"Mazoea ya nani? Tangu nimeolewa hapa sijaona mtu akichoma mabua."

"Ya kwenye kitabu," akajibu, akaomba chumvi, ingawa chakula kilikuwa nayo ya kutosha.

Mvua zilianza vizuri, zikawadanganya watu mpaka mahindi yakafika magotini, kisha zikakatika. Upande wa ubunifu, chini ya zile nyasi, udongo ulibaki na unyevunyevu, na mahindi ya mdogo yalisimama kijani. Upande wa mazoea, ardhi ilipasuka, majani yakajikunja. Tuseme ukweli: mbinu ile ilikuwa nzuri. Hakukuwa na ujanja wala kutia chumvi. Kila mtu mwenye macho aliiona tofauti, na aliyeiona kuliko wote ni yule aliyekuwa akipita kando ya ua kila asubuhi akiwa na jembe lisilo na la kufanya.

Mavuno ya mdogo yalijaa ghala. Ya mkubwa yaliingia kwenye vikapu, na unga ukamalizika kabla hata mvua nyingine hazijafikiriwa.

"Kaka, njoo na toroli uchukue gunia," mdogo wake alimwambia juu ya ua. "Sisi si watu baki."

Mkubwa aliguswa. Aliona ni jambo la kifamilia, la kumalizwa kati ya nyumba na nyumba, akaenda na kandambili miguuni na shati lake la kulimia. Alipofika uani, alimkuta Bwana Miradi na kamera.

"Safi! Msimame hapo! Mbunifu, mkono juu ya gunia. Wewe mzee, pokea kwa mikono miwili. Inama kidogo. Kidogo tu, uonekane una shukrani."

Alipaswa kukataa. Hilo alilijua wakati uleule, na alilijua vizuri zaidi baadaye. Lakini gunia lilikuwa limeshafika kifuani mwake, nyumbani kuna watu wanasubiri, na mdogo wake anatabasamu bila ubaya wowote. Akainama.

Mwaka mpya ulipoingia, mradi ukatoa kalenda. Kama picha ile ingewekwa kwenye mwezi mmoja, angejikaza kisabuni hadi mwezi upite. Waliiweka juu kabisa, na miezi yote ikapangwa chini yake. Chini ya picha waliandika: MKULIMA MBUNIFU AKIMSAIDIA MKULIMA WA MAZOEA. Kalenda ikatundikwa dukani, zahanati, shuleni, kwa kinyozi, hata kwenye mashine ya kusaga. Hapakuwa na mlango kijijini ambao angeingia asijikute amekwisha tangulia, ameinama.

"Karibu mzee Mazoea," muuza duka alimwambia. "Leo unanunua au unasaidiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, kwa kuwa mtu mzima hawezi kulia dukani, akalipa sabuni yake akatoka. Nyumbani alikaa kwenye kigoda, akakaa, mpaka mkewe akamuuliza kama anaumwa.

"Mama watoto, nisikilize," alisema. "Mdogo wangu nilimbeba mgongoni mimi. Nilimfunga kamba za viatu. Sitakula tena gunia lake. Msimu huu nitakula langu, na kama sina, nitalala njaa nikiwa nimesimama wima."

"Wewe ulale hivyo," mkewe alisema. "Sisi wengine tutaomba tule. Kwa hiyo bora ulipate hilo 'langu' ulilolisema."

Ndipo alipofunga safari hadi ofisini kwa Bwana Miradi, chumba chenye feni isiyozunguka na maboksi ya kalenda hadi dirishani. Alisimama mbele ya meza akiwa amejitazama mara ishirini kwenye kalenda za ukutani.

"Nimeshaona faida yake," alisema. "Msimu huu na mimi nataka kutandaza nyasi. Sitaki toroli wala vibarua. Nitakata mwenyewe."

Bwana Miradi alifunga mlango kwanza. "Mzee, tafadhali. Usituharibie."

"Si mlikuja ili tujifunze?"

"Wengine, ndiyo! Kijiji kizima kijifunze. Lakini siyo wewe. Wewe ukijifunza, sisi tutalinganisha na nini?"

"Nilinganishwe na njaa?"

"Mwaka mmoja tu, mzee wangu. Tofauti ikionekana tena, awamu ya pili inakuja, mdogo wako anapata tangi, watu wanapata kazi. Wewe unashikilia riziki ya watu wengi kwa kulima hivyohivyo."

Mtu akiambiwa hivyo anatoka ofisini akiwa hajui kama amesifiwa au ametukanwa. Alifika nusu ya njia ndipo akapata jibu, akageuka, akakuta ofisi imefungwa.

Wiki hiyohiyo mradi ukafanya siku ya mafunzo chini ya turubai. Wakulima wote walialikwa, na kila mmoja alipata soda. Mazoea naye alijipanga kwenye foleni, lakini Bwana Miradi akamshika mkono akamtoa pembeni taratibu, kwa sababu taratibu zilikataza kipimo kuchanganywa na elimu. Akamwekea kiti nje. Kwa bahati nzuri au mbaya, kiti kilikuwa chini ya kipaza sauti. Alisikia kila kitu: unene wa matandazo, umbali wa mashimo, samadi ya kila shimo, namna ya kuwadhibiti mchwa. Waliokuwa ndani walisinzia kwa joto. Yeye peke yake alitoka pale hajakosa neno, na soda yake wakamletea hukohuko nje.

Alipoanza kulima, alipiga moyo konde. Mistari ya pembeni, inayoonekana kutoka barabarani, aliiacha uchi kama mwongozo ulivyotaka. Alikuwa amemchunguza Bwana Miradi akajua kwamba viatu vile havivuki mstari wa tatu. Katikati ya shamba, ambako mahindi yangeficha, yeye na mkewe walichimba mashimo na kutandaza nyasi walizokata kando ya kijito. Mabua msimu huo aliyachoma upande wa barabarani tu, kidogo, ya kutosha kutoa moshi.

Tatizo lilikuwa kubeba. Mizigo ya nyasi haina siri, na kila waliyekutana naye aliuliza.

"Za ng'ombe," Mazoea alijibu.

"Si una ng'ombe mmoja tu?"

"Anakula sana huyu. Sijui tumbo lake lina nini."

Ng'ombe akapata sifa ambazo hakuwa nazo. Watu walikuja kumwona, wakakuta mbavu zinahesabika, wakatikisa vichwa. Jirani mmoja alileta dawa ya minyoo, na Mazoea hakuwa na la kufanya ila kumnywesha ng'ombe asiyeumwa na kushukuru.

Jua likawaka tena kama mwaka uliotangulia. Mistari ya barabarani ikanyauka, na Bwana Miradi akapita akapiga picha akiwa amejaa furaha. "Safi sana, mzee!" alipaza sauti. "Yako yamekauka vizuri!"

"Tunajitahidi," Mazoea alijibu.

Lakini kila alipoyaangalia ya katikati, moyo ulimtulia. Yalikuwa yamenenepa. Alikuwa akiingia humo akichuchumaa, akishika udongo chini ya nyasi, akausikia ubaridi wake viganjani, akatamani amwite mdogo wake avuke ua aje aone. Hilo ndilo lililomuuma. Mtu pekee ambaye angeielewa furaha ile ndiye aliyehitaji isiwepo.

Siku ya kupima mavuno, Bwana Miradi hakuja peke yake. Alikuja na mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mnene mwenye buti za kweli. Kupima kwenyewe kulikuwa hivi: mtu anayapa mahindi mgongo, anarusha fremu ya mbao nyuma bila kuangalia, na pale inapoangukia ndipo mahindi yanapovunwa na kupimwa, ili pasiwe na upendeleo. Mwaka wa kwanza alirusha Bwana Miradi, na fremu ikaangukia mstari wa pili, karibu na viatu vyake. Safari hii mkaguzi aliichukua yeye. Alikuwa na mkono wa mtu aliyewahi kutwanga nafaka. Fremu ilipaa, ikapita pembeni, ikapita kila kilichonyauka, ikatua katikati kabisa.

Wakaingia. Mdogo mtu naye alikuwepo, maana mavuno yake yalikuwa yamepimwa kwanza. Mahindi yaliyomo ndani ya fremu yalikuwa makubwa kama mkono wa mbebaji mizigo, na chini yake, zimelala mstari kwa mstari, nyasi kavu.

Mdogo alimtazama kaka yake. Mazoea akatazama fremu.

"Hizi nyasi?" mkaguzi aliuliza.

Mazoea alifungua mdomo ili aseme kweli, na pengine angeisema. Lakini Bwana Miradi alishaona mbali kuliko wote: nyasi zile zikiandikwa, ataulizwa nani alikuwa akilisimamia shamba, na picha za msimu mzima alipiga akiwa amesimama wapi.

"Upepo," akasema.

"Upepo?"

"Huku kuna upepo mkali sana. Unatoa kule, unaleta huku."

Mkaguzi aliutazama ua wa michongoma ulivyopita kimo cha mtu. Akazitazama nyasi zilivyolala kwa mistari iliyonyooka. Kisha akaitazama saa yake, kwa kuwa kulikuwa na vijiji vingine, akaandika: upepo.

Taarifa ilitoka ikiwa na muhuri na jalada la rangi. Ilieleza kwa lugha ya kupendeza kwamba mwaka wa pili hapakuonekana tofauti yoyote ya maana kati ya shamba la ubunifu na shamba la mazoea, na kwamba kwa hiyo mbinu iliyojaribiwa haikuthibitika kuwa na faida. Fedha zikasitishwa. Awamu ya pili ikafutwa kabla ya kuanza, na uani kwa mdogo ukabaki ule msingi wa saruji, ambao kuku waliupenda kwa kuota jua.

Mdogo alikuja siku hiyohiyo. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni akiwa na taarifa mkononi, na mke wa Mazoea alipomkaribisha "Shemeji, karibu kiti," hakusikia.

"Kaka, umeshindwa kushindwa hata mwaka mmoja?"

Mazoea akamsogezea kiti.

"Mwaka mmoja tu! Mimi ningepata maji. Wewe ungekuja ukachota, watoto wako wangechota. Na unga ningekupa. Kwani mwaka jana si nilikupa?"

"Ulinipa," Mazoea alisema. "Nenda dukani ukaangalie ulivyonipa."

"Kwa hiyo ni kalenda?"

"Ni mimi nimeinama, mdogo wangu. Miezi yote."

Huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza mdogo kuitazama picha ile kutoka upande wa pili, lakini hasira ilikuwa bado changa, haikumruhusu kusema hivyo. Akaitupa taarifa mezani. "Haya. Wataalamu wamesema haina tofauti. Basi haina tofauti." Akatoka.

Mazoea hakulala vizuri kwa muda mrefu. Ghala lilikuwa limejaa, la kwake mwenyewe, na alikuwa akila kila siku huku roho ikimsuta. Alilipata alilolitaka, tena lote, na halikuwa tamu kama alivyodhani.

Msimu ulipogeuka, aliona moshi ng'ambo ya ua. Akaenda mbio.

"Mdogo wangu, usichome!"

"Taarifa ina muhuri, kaka," mdogo alijibu bila kugeuka. Alikuwa anachoma mabua yote, na nyasi za mwaka jana juu yake. Vibarua wa mradi hawakuwepo tena, nyasi zilihitaji mgongo wake mwenyewe, na zaidi ya hayo alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna hupenda kuona kitu kikiungua. "Wewe uliyesoma nje ya turubai unawajua kuliko wao?"

"Nimeona kwa macho yangu. Na wewe umeona, tena kabla yangu."

"Niliona kilichokuwa kinalipiwa."

Kijiji kizima msimu huo kilitandaza nyasi. Walikuwa wameshajifunza wakati wa soda, wakajaribu vipande vyao kimyakimya, na taarifa yenye muhuri haikuwahi kuwafikia. Aliyeisoma alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo jua lilipowaka kwa mara ya tatu, barabara nzima kulikuwa na shamba moja tu lililokauka, na mbele yake bango lenye jua linalochomoza.

Mke wa mdogo alianza kuja kuazima unga. "Nina wageni leo," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili wageni walikuwa bado hawajaondoka. Mara ya tatu, mke wa Mazoea alimjazia bakuli hadi juu, akamuuliza habari za wageni kwa sauti ya kawaida kabisa, na alipoondoka akaenda kumtafuta mumewe zizini.

"Kule hakuna wageni," alimwambia.

Mazoea aliingia ghalani, akachagua gunia. Kisha, na hili hakuwahi kumwambia mtu, akaingia chumbani akavaa shati jeupe la harusi za watu. Alishajiona kichwani amesimama wima, mkono juu ya gunia, na mwingine ndiye ameinama. Mkewe alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shati hilo la kazi gani?"

Alirudi ndani akavaa la kulimia, akajitwika gunia begani, akapita upenyo wa ua badala ya barabara.

Alimkuta mdogo wake ameketi juu ya msingi wa saruji, katikati ya kuku. Kabla hawajasalimiana, gari likaingia. Bwana Miradi alishuka akiwa na kofia mpya yenye nembo mpya, viatu vilevile, na kamera shingoni.

"Mungu mkubwa!" alisema. "Nyote wawili, na gunia! Kuna mradi mwingine, wa ustahimilivu. Fedha zake ni nyingi kuliko ule. Wanataka picha ya kuanzia, moja tu. Ila nisaidieni kwanza, maana naona mabango yamenichanganya. Siku hizi mkulima wa mazoea ni yupi?"

Mdogo aliinamisha uso, akaanza kusugua saruji kwa kidole gumba cha mguu.

"Alihama," Mazoea akasema.

"Alihama? Haya, basi tupige hivyohivyo. Mzee, mpe gunia. Wewe pokea kwa mikono miwili, uiname kidogo."

Mazoea alishusha gunia begani. Mdogo akainuka, mikono imeshaanza kunyooka yenyewe, macho yako chini. Mazoea akaliweka gunia ardhini, akalipigapiga kulisawazisha, akalikalia.

"Mzee?"

"Miguu inaniuma," Mazoea alisema. "Mdogo wangu, kaa. Mchongoma ule wa kwenye kona, hivi ni baba aliupanda au uliota wenyewe?"

Mdogo alimtazama. Akakaa.

"Baba," alisema taratibu. "Mliupanda wewe na baba. Mimi nilishika kamba."

"Kweli, ulishika kamba. Ukaiachia."

"Nilikuwa mdogo."

Bwana Miradi alizunguka upande wa kushoto, akazunguka upande wa kulia. "Mzee, hilo gunia ni la nini?"

"Kiti," Mazoea alisema, akaendelea na habari za michongoma. Walipomaliza michongoma wakaingia kwenye minyoo ya ng'ombe, na mdogo alipoisikia habari ya ile dawa akacheka mpaka akajifuta macho, na hakuacha kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Bwana Miradi alipiga picha mbili za kuku, akaangalia saa, akasema atapita tena. Mazoea alimwambia karibu.

Gari lilipotokomea ndipo alipoinuka.

"Shika upande huo," alimwambia mdogo wake, na wakalibeba wote wawili hadi ndani.